Abli, buka, ukab: kufungua kwa Wabisaya na kufungua kwetu

Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya watafsiri na wanafunzi wa lugha waliokusanyika kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Wengi waliniomba maandishi yake. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Walimu wangu, wazee wangu, ndugu zangu watafsiri, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma karibu na mlango: assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya tafsiri. Nitazungumza juu ya neno moja, tena si letu. Ni neno la Kisebuano, lugha ya Ufilipino ambayo wenyewe huiita Binisaya, au Bisaya kwa kifupi. Inasemwa Cebu, Bohol, upande wa mashariki wa Negros, upande wa magharibi wa Leyte na sehemu kubwa ya Mindanao. Wasemaji wake ni takriban milioni 20. Neno lenyewe ni "abli". Ukiuliza maana yake utajibiwa "kufungua", na hapo kamusi inakuwa imemaliza kazi. Mimi nimeishi chumba kimoja na neno hilo miaka sita, na leo nataka niwaeleze kwa nini jibu hilo halinitoshi.

Nilikwenda Maskati nikiwa msichana, kufanya kazi ya dobi hotelini. Usiku wa kwanza nilipelekwa chumbani taa zimezimwa, wenye zamu ya alfajiri wamelala. Nilipojikwaa kwenye kiatu, sauti ya mwanamke kutoka kitanda cha chini ikaniambia, kwa Kiingereza, nifungue taa. Nikasimama pale na begi langu mkononi. Kwetu taa huwashwa. Taa ya bibi zetu ilikuwa utambi na moto, na moto huwashwa, basi hata balbu tumeirithisha kitenzi hicho. Nikafikiri labda taa yao imefungiwa ndani ya kitu. Nikaanza kupapasa ukutani nikitafuta kijimlango. Yule mwanamke akainuka mwenyewe, akabonyeza swichi, akanitazama, akaniuliza kama nimekula.

Huyo nitamwita Manang. Si jina lake. Ndivyo Wabisaya wanavyomwita mwanamke aliyekuzidi umri, kama sisi tunavyosema dada kwa mtu ambaye hatukuzaliwa naye. Yeye aliniita 'Day, kifupi cha Inday, neno la upole wanalomwitia msichana au mwanamke mdogo. Miaka sita sikupata kumwita kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, wala yeye langu.

Baadaye nilielewa kwamba hakukosea Kiingereza. Wafilipino wengi wanapozungumza Kiingereza hufungua taa na kufunga taa, hufungua redio na kufunga redio, kwa sababu ndivyo lugha za nyumbani kwao zinavyopanga mambo. Na hebu tazameni: redio hata sisi tunaifungua. Bomba la maji tunalifungua. Taa tu ndiyo iliyobaki na moto wake wa zamani. Kwa hiyo mimi na Manang tulipishana kwenye taa, tukakutana kwenye redio na kwenye bomba, ambalo wao huliita "gripo".

Nikaanza kulifuata neno hilo kila alipolitoa. Duka la jirani likichelewa kufungwa, alichungulia mlangoni akauliza, "Abli pa mo?", yaani, bado mmefungua? Mlango: "Ablihi ang pultahan," fungua mlango. Kopo la samaki, chupa ya mchuzi wa soya, dirisha, runinga, mkutano, moyo. "Ablihi ang imong kasingkasing," fungua moyo wako. Kifaa cha kufungulia ni "pang-abli". Mlango niliokwisha kuufungua mimi ni "giablihan". Nao hubandika viambishi kama sisi, ila vyao vina ustadi wake: umbo la kitenzi hubadilika kutegemea kama macho ya msemaji yako kwa aliyefungua au kwa kilichofunguliwa. Mara nyingi yeye aliuweka mbele mlango, na aliyeufungua akafuata baadaye.

Nikadhani nimelipata. Nikawa nalitumia kila mahali kwa furaha ya mtu aliyejifunza neno moja la lugha ngeni.

Siku moja ya mapumziko alikuwa anapika wali, sufuria imefunikwa. Nikamwambia nitaifungua nione kama maji yamekauka, nikasema "abli". Akatikisa kichwa. "Ukab," akasema, akanionyesha kwa mkono: vidole vinashika ukingo wa kifuniko, kifuniko kinainuka. Nikarudia. Akafurahi, akaniwekea ukoko wa chini kwenye sahani yangu, maana alishajua naupenda.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa pwani. Nilipouona ule mkono wake nilisikia sauti ya mama yangu jikoni: "Funua chungu." Mama hakusema fungua chungu. Chungu hakifungwi, kinafunikwa, na kilichofunikwa kinafunuliwa. Ukab ni kufunua. Nilikuwa nimekaa na Manang karibu mwaka mzima, tunazungumza kwa Kiingereza cha kubahatisha, na kile Kiingereza kimetupa neno moja kwa kazi zote mbili. Kumbe yeye alikuwa na mawili, na mimi nilikuwa na mawili, na yalikuwa yanaoana.

Kuanzia siku hiyo tuliacha kupitia Kiingereza tulipoweza. Tulionyeshana kwa mikono. Alifumba macho akayafumbua: "buklat". Nikamwambia, "fumbua". Alikunjua shuka iliyotoka kwenye mashine: "bukhad". Nikasema, "kunjua". Neno hilohilo bukhad akalitumia kwa ua, nami nikampa "chanua". Aliponisimulia alivyokuwa akimlisha mwanawe uji akiwa mdogo, alipanua mdomo wake mwenyewe akasema, "Nganga." Hilo linatamkwa kwa ng' yetu ya ng'ombe, ng'ang'a, na Wazungu tuliokuwa nao kazini lilikuwa linawashinda. Mimi lilinitoka siku ya kwanza. Nikamwambia kwetu ni "achama", ingawa mama anayelisha mtoto husema tu "aah".

Sasa hesabuni. Ukab, funua. Buklat, fumbua. Bukhad, kunjua na chanua. Nganga, achama. Abli, fungua. Lugha mbili zisizo na nasaba hata kidogo, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiaustronesia, ukoo wa lugha za visiwa vya huko mashariki, baina yao bahari nzima ya Hindi na zaidi, zinaketi pamoja kama watu waliolelewa nyumba moja. Ukimpa mtafsiri maneno hayo yote kupitia Kiingereza, atapokea neno moja, na kwa Kiswahili atatoa moja, na litakuwa "fungua". Atawaandikieni: akafungua macho, akafungua mkeka, akafungua sufuria, ua likafunguka. Msinung'unike. Mnasoma sentensi hizo kila siku, katika maelekezo ya dawa, katika vitabu vya watoto, katika maneno yanayopita chini ya filamu. Wengine wenu hapa mnaziandika. Hata mimi nimeziandika.

Hili linaniuma kuliko yote niliyokuja kusema, kwa hiyo niruhusuni nilisimamie kidogo. Kiingereza ni lugha tajiri na sina ugomvi nayo. Nayo ina maneno yake ya kufumbua na kukunjua kwa anayeyatafuta. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu ya kuifanya kivuko cha kila safari, hata pale ambapo vijiji viwili viko ng'ambo moja ya mto. Tunapotafsiri kutoka Kichina, Kireno au Kihindi, mara nyingi tunatafsiri tafsiri. Kilichopungua njiani hatukioni, kwa sababu hatukukiona kilipoanza safari. Na Kiswahili kinachofika kinakuwa chembamba, kimefunga kila kitu na kufungua kila kitu, ilhali mabibi zetu wana fumbua, funua, kunjua, tandua, zibua, gubua, bandua, fichua, tanzua, tegua. Kila kitenzi hapo kinajua kilichofunguliwa ni nini: jicho, kifuniko, mkunjo, tundu lililoziba, ganda, siri, fundo, mtego.

Nirudi kwa abli, maana lina historia.

Nilimwuliza Manang kama ni la kwao tangu zamani. Akasema ni la kwao, kwani hajui jingine. Lakini abli ni Kihispania, kutoka "abrir". Wako wanaosema "abri", na r na l zimebadilishana tu. Miguel López de Legazpi alifika Cebu mwaka 1565 akaweka hapo makazi ya kwanza ya Wahispania katika visiwa hivyo, na utawala wao haukuisha mpaka 1898. Miaka mia tatu na zaidi. Sasa sikilizeni maneno ya mlangoni katika Kisebuano cha leo. Mlango ni "pultahan", ndani yake kuna "puerta". Dirisha ni "bentana". Ufunguo ni "yawi", kutoka "llave". Kufuli ni "kandado". Kufunga mlango ni "sira", kutoka "cerrar". Duka ni "tindahan", ndani yake kuna "tienda". Kifungua kopo ni "abrelata". Mlango mzima umekuja na meli, pamoja na bawaba zake.

Kabla hamjawahurumia, tazameni mlango wetu wenyewe. Dirisha ni la Waajemi. Kufuli ni la Waarabu, na bawaba pia, na duka pia. Ila mlango ni wetu, na kitenzi ni chetu: funga, fungua, na ufunguo ukazaliwa humo. Wao kitenzi kilikwenda na maji. Sisi kilibaki. Kwa nini, siwezi kuwaambieni kwa uhakika, lakini nilipolitambua nilimtazama Manang kwa jicho jingine. Mtu anaweza kulipenda neno kama la mama yake, na hakika ni la mama yake, hata kama bibi wa bibi yake alilipokea kwa mtawala.

Na lile la zamani je? Lipo. Ni "buka". Halikufa. Liliachia milango na maduka, likabaki na mwili: mdomo unabuka, jicho linabuka, jeraha lililokuwa limeanza kupona linabuka. Nililijifunza jikoni tena, pale kidonda cha kidole chake kilipoachia kwa sababu ya sabuni za dobi. "Nabuka," akasema, akiutazama mkono wake. Kidonda kilichoachia hakikuhitaji Kihispania.

Mwaka 1972 John Wolff wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha kamusi kubwa ya Kisebuano, juzuu mbili, na leo inapatikana bure mtandaoni kwa yeyote mwenye simu. Nawasihi wanafunzi wakaifungue, au tuseme wakaifunue. Mtaona jinsi kitenzi kimoja kinavyopewa mifano ya watu wanaoishi: wanaopika, wanaogombana, wanaokwenda sokoni. Nina ndoto ya kuona kamusi ya namna hiyo kati ya Kiswahili na lugha kama hiyo, bila kivuko katikati.

Buka lina ndugu wengi. Wamalay na Waindonesia nao husema "buka", na katika Ramadhani "buka puasa" ni kufungua saumu. Mimi nilipolisikia hilo nilikaa kimya. Kwetu pwani nani asiyesema, "Tumeshafungua," jua likizama? Na miezi yetu, enyi vijana mnaoijua Januari na Februari peke yake: mwezi baada ya Ramadhani ni Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa. Wazee wetu waliuhesabu karibu mwaka mzima kuanzia siku mdomo ulipofunguliwa.

Watagalog, ambao lugha yao ndiyo iliyofanywa msingi wa lugha ya taifa ya Ufilipino mwaka 1937, wana "bukas". Ukikaza mwisho, maana yake ni kuwa wazi. Ukikaza mwanzo, maana yake ni kesho. Manang alikuwa Mbisaya wa Bohol, na kesho kwake ni "ugma", lakini alinionyesha tofauti hiyo kwa kuitamka mara nyingi, polepole, mpaka nikaisikia.

Na sasa njooni karibu zaidi na nyumbani. Vukeni Komoro, mfike Bukini, yaani Madagaska. Mmalagasi husema "mamoha varavarana", anafungua mlango. Mlango ulio wazi ni "mivoha". Mzizi wake ni "voha". Je, mnaliona buka humo ndani? B ya kule imekuwa v, k imekuwa h. Si bahati nasibu. Jiwe kwa Mbisaya ni "bato", kwa Mmalagasi "vato". Mwezi ni "bulan", kwa Mmalagasi "volana". Mti kwa Mmalay ni "kayu", kwa Mmalagasi "hazo". Mwaka 1951 Mnorwei Otto Dahl alionyesha kwa kina kwamba Kimalagasi ni ndugu wa karibu wa Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Watu hao walivuka bahari hii tunayoiogelea, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na ngalawa yetu yenye mbao mbili za ubavuni inafanana mno na mashua za kwao. Walipofika huku wakapokea kwa Wabantu: ng'ombe kwao ni "omby", kuku ni "akoho", mbwa ni "amboa". Wanyama wa nyumbani waliwachukua kwetu. Kufungua walikuja nako wenyewe.

Kwa hiyo nilipokuwa Maskati nikidhani najifunza neno la mbali sana, ndugu yake alikuwa hapa jirani, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji, siku zote.

Hadi hapa nimewaonyesha tunavyofanana. Sasa tunapoachana, na ndipo mtafsiri anapokula mkate wake.

Tazameni fungua ndani. Humo kuna funga. Fungua ni funga iliyotenduliwa. Walimu wa sarufi wanaiita kauli ya kutendua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fumba, fumbua. Funika, funua. Tega, tegua. Si Kiswahili peke yake. Mkikuyu husema "hinga" kwa kufunga na "hingũra" kwa kufungua. Mnyarwanda husema "kinga" na "kingura". Mchewa husema "tseka" na "tsegula". Mzulu hubadili irabu moja tu: "vala", "vula". Katika ukoo wetu huu mkubwa, mtu hawezi kufungua kitu bila kwanza kukumbuka kwamba kilikuwa kimefungwa. Kufunga ndiko kulikotangulia. Na funga yetu ni kamba kwanza, kabla ya kuwa mlango: tunafunga mzigo, tunafunga mbuzi, tunafunga ndoa, tunafunga safari, tunafunga mtu gerezani, tunafunga bao, tunafunga mwezi mtukufu. Kwa hiyo kila tunaposema fungua, kuna fundo linalolegea mahali fulani, hata kama msemaji halioni.

Buka halina fundo. Abli halina fundo. Katika abli hamna sira ndani yake. Ni vitenzi vinavyoanza vyenyewe.

Hilo linafanya nini? Linafanya mengi. Mtoto wa kwanza kwetu ni kifungua mimba. Nilipomweleza Manang maana yake, neno kwa neno, aliweka mkono tumboni. Kwao mtoto wa kwanza ni "kamagulangan", aliyewazidi wenzake umri. Neno lake linawatazama ndugu waliopangana. Letu linamtazama mama. Chakula cha asubuhi kwetu ni kifungua kinywa, na Mombasa watasema staftahi, ambalo nalo kwa Kiarabu ni kufungua, ukoo mmoja na Fatiha. Kwao ni "pamahaw", kutoka "bahaw", wali uliolala. Sisi asubuhi tunaufikiria mdomo, wao wanaifikiria sufuria ya jana. Mahakamani sisi tunafungua kesi. Wao kesi hupandishwa. Magazeti yao husema mtu "gipasakaan og kaso", na "saka" ni kupanda, kama unavyopanda ngazi au mnazi. Mtafsiri atakayeweka abli hapo ataeleweka, na kila Mbisaya atajua kwamba hakulelewa kwao.

Kwa upande wa pili, sisi tuna upungufu wetu. Manang akitazama duka alisema "abli", na neno lilikuwa lilelile la kufungua, sasa linaeleza hali. Sisi tukitaka kutaja hali tunasema limefunguliwa, yaani kuna mtu alifanya kazi, au tunasema liko wazi. Na "wazi" tuliazima, ni la Waarabu. Wao waliazima tendo. Sisi tuliazima hali. Nalifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimekaa ufukweni.

Nimalizie na sanduku.

Wafilipino wanaofanya kazi nje hupeleka nyumbani boksi kubwa la karatasi ngumu, wanaliita boksi la balikbayan, yaani la mtu anayerudi nchini kwao. Manang alilijaza miezi mingi. Kila mshahara uliingiza kitu: taulo, sabuni, nyama ya kopo, chokoleti, viatu alivyovipima kwa mchoro wa unyayo wa mwanawe uliotumwa kwa simu, na mchoro ukawa umeshapitwa kabla boksi halijaondoka. Likijaa, analizungushia gundi ya karatasi mara nyingi mpaka halionekani pembe. Kisha linakwenda kwa meli, wiki kadhaa. Siku ya kufika, chumba chetu chote kilikaa kitandani kwake, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Upande wa pili, baraza ya nyumba ya Bohol, watu wamesimama, boksi katikati, na bintiye wa miaka tisa ameshika kisu na hakiweki, anaitazama simu. Anasubiri aambiwe.

"Ablihi na, 'Day," Manang akasema.

'Day. Neno aliloniitia mimi kila siku. Nilikuwa nimekaa mahali pa mtu mwingine bila kujua.

Mtoto akakata. Kila mtu akapiga kelele. Manang hakupiga. Alikuwa amefumba midomo yake, na mimi nilikuwa na kitenzi cha mdomo uliofumbwa vile, sikuwa na cha kumwambia.

Usiku ule aliniuliza tunasemaje ablihi kwa Kiswahili. Nikamwambia, fungua. Lugha yake haina f, kwa hiyo ikatoka "pungua". Nikamwambia kwetu hilo ni neno jingine kabisa, ni kupungua, kama mwezi au kama maji kupwa. Akalirudia mara mbili, pungua, kisha akaniuliza ndani ya fungua mna nini, kwa sababu alishaanza kutuzoea, alijua maneno yetu yana vitu ndani. Nikamweleza juu ya funga, kamba na fundo. Akafikiri. Akaniuliza: na kitu ambacho hakikufungwa na mtu, kikabuka chenyewe, mnakiitaje?

Nilimwambia ua linachanua. Akasema la ua analijua. Nikamwambia kuna kupambazuka, kuna kukucha. Akaliomba tena hilo la kukucha, nikalitamka, akaliandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya lile boksi, akanirudishia nione kama ameliandika sawasawa. Alikuwa ameliandika sawasawa.